Maji yaliyopasua skrini: jinsi ndege ya "Foreign Correspondent" ilivyoangushwa baharini studioni

Swali: Nimeitazama mara tatu "Foreign Correspondent", filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1940. Ndege inapoanguka baharini, kamera iko nyuma ya marubani wawili. Bahari inawajia, kisha maji yanaingia na kuwafunika, nami sioni mahali picha ilipokatwa. Mwenzangu mmoja anasema walizamisha ndege ya kweli, mwingine anasema ni ndege ndogo ya mfano kwenye beseni. Nani yuko sahihi? Sisi ni vijana sita hapa Tanga, tunaandaa filamu fupi ya ujasusi, nyeusi na nyeupe, na tunaweza kukodi projekta moja. Je, tukio kama hilo tunaliweza bila kompyuta? Kama hatuliwezi, tuige sehemu gani nyingine ya filamu hiyo?

Jibu: Wote wawili wamekosa, ingawa wa beseni yuko karibu zaidi. Ndege za mfano zimo katika sehemu hiyo ya filamu: kila ndege inapoonekana kwa nje, ikishambuliwa na mizinga ya meli, unatazama mfano. Lakini shoti unayoiulizia haina ndege kabisa. Ni chumba cha marubani kilichojengwa studioni Hollywood, kimekaa palepale, na mbele ya vioo vyake kulikuwa na karatasi.

Kazi ilianzia nje ya studio. Rubani alipaa juu ya bahari, akaielekeza pua ya ndege majini huku kamera ikitazama mbele, akashuka kwa kasi, na dakika ya mwisho akanyanyua. Mkanda huo ndio ulioleta bahari inayokua ndani ya kioo. Studioni ukatiwa kwenye projekta iliyowekwa nyuma ya skrini inayopitisha mwanga. Upande wa pili wa skrini ndiko kulikokaa chumba cha marubani, waigizaji, na kamera nyuma yao. Hadi hapo hakuna jipya. Ndiyo njia waliyoitumia miaka ile kwa kila mtu aliyeonekana "akiendesha" gari huku barabara ikirudi nyuma dirishani.

Jipya lilikuwa skrini yenyewe. Kwa kawaida skrini za kazi hiyo zilikuwa imara na za kutumika tena na tena. Hitchcock alimweleza mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut kwamba hii aliitengenezea karatasi, na nyuma yake akaweka tangi la maji. Bahari ya kwenye mkanda ilipokaribia kabisa, alibonyeza kitufe, maji yakafunguliwa, yakaipasua karatasi na kumwagikia chumbani. Yalikuwa mengi kiasi kwamba jicho halipati nafasi ya kuiona karatasi ikichanika.

Hapa ndipo ilipo siri, na wengi wanaoiga tukio hili huikosa kwa sababu wanafikiria wingi wa maji. Picha inayorushwa kutoka nyuma ina udhaifu wake: imepigwa mara mbili, kwanza baharini na pili ikiwa kwenye skrini, kwa hiyo imepauka na chembe zake zimekuwa kubwa kuliko za vitu vilivyo mbele yake. Mtazamaji wa 1940 aliuzoea uongo huo kutoka kwenye magari yale. Alipoona bahari kwenye kioo, kichwani alijua ni skrini. Mara "skrini" ikammwagia rubani maji. Kitu alichokwisha kukihesabu kuwa ni picha kikageuka kitu kinacholowanisha, na ushahidi wa uongo ukachukuliwa na maji yaleyale. Kama wangekata kati ya bahari na maji, hata kwa fremu mbili, akili ingesema: ile ilikuwa bahari, hii ni ndoo.

Kuna kazi nyingine ya mikono katika sehemu hiyohiyo ambayo haitajwi sana. Baada ya ndege kuanguka, bawa lililobeba watu linajitenga na kiwiliwili na kuelea kivyake. Hitchcock alieleza kwamba chini ya bwawa la studio walitandika reli, ndege ikawekwa juu yake, na reli hiyo ilikuwa na njia panda kama ya gari moshi. Bawa "lilipovunjika" lilishika njia yake na kiwiliwili kikabaki na yake. Wewe unaona mawimbi, kumbe chini kuna treni. Idara ya maajabu ya kiufundi (special effects) ya filamu hiyo, picha zake zikiwa mikononi mwa Paul Eagler, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Filamu nzima ilipata teuzi sita na haikushinda hata moja. Mwaka huo filamu bora ilikuwa "Rebecca", ya Hitchcock huyohuyo.

(Kwa sisi wa pwani, ndege inayotua majini haikuwa jambo la sinema tu. Tangu 1937 ndege kubwa za abiria za shirika la Uingereza, Imperial Airways, zilitua kwenye maji ya Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Mtu wa bandarini angeitambua jamaa yake kwenye filamu.)

Sasa yenu. Inawezekana, mradi mkubali kitu kidogo. Msijenge chumba kizima cha marubani. Jengeni kioo kimoja, mabega mawili na usukani. Kamera ikikaa nyuma ya mabega na lenzi ya wastani, kama milimita 50, fremu itajaa bila dari wala milango. Shimo la kioo liwe na upana wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 70 hivi, kwenye fremu ya mbao na plaiwudi iliyopakwa rangi ya kijivu isiyong'aa.

Picha ya bahari mtaipata kwa droni. Ombeni kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kwanza, maana Tanzania hairuhusu droni kurushwa kiholela, na Kenya vilevile. Msiishushe kuelekea majini, mtaipoteza. Ianzisheni mita 2 juu ya maji, kamera ikitazama chini kwa nyuzi 45, kisha mwirushe kinyumenyume na kwenda juu kwa kasi yake yote. Baadaye mwugeuze mkanda uende kinyume, na bahari itawakimbilia. Kasoro ya njia hii ni povu: likigeuzwa linaonekana likirudi ndani ya wimbi, na hata mtoto atalikamata. Chagueni asubuhi ya maji shwari, kabla upepo haujachafua bahari, na msikaribie mwamba. Sekunde 8 zinatosha. Zikizidi hapo, mtazamaji anaanza kukagua.

Karatasi iwe ile ya mafundi ramani, inayopitisha mwanga, inayouzwa kwa roli. Karatasi nyeupe ya kawaida inakula mwanga, na nailoni haichaniki vizuri, huvutika kama mfuko wa maziwa. Ibandikeni nyuma ya shimo kwa gundi ya utepe pande tatu tu, juu, kushoto na kulia, na upande wa chini mshikilie kwa vipande vichache. Kwa nyuma, pitisheni wembe kidogo sana kutoka kona hadi kona, bila kutoboa, ili maji yakipiga, karatasi ifunguke kutoka katikati kama ua. Bila mikwaruzo hiyo hubanduka nzima na kumfunika mwigizaji usoni, na shoti imekwisha. Tayarisheni karatasi tano. Moja mtaiharibu kwa majaribio, mbili kwa makosa.

Projekta ikae nyuma, mkiigeuza picha kushoto-kulia kwenye mpangilio wake, la sivyo maandishi na jua vitakuwa upande usio wake. Projekta nyingi za ofisini huhitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, kwa hiyo kwa picha ya mita 1.4 wekeni kama mita 2.1. Ya lumeni 3,000 ni mwanga mwingi kwa ukubwa huo. Kwenye kamera anzieni ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 400, kipenyo cha lenzi f/5.6, shata (muda wa kufunguka) sekunde 1/50. Shata hiyo inaendana na umeme wetu wa hezi 50, na ukiipandisha sana mistari itaanza kutambaa kwenye picha. Kama mna chaguo, kodisheni projekta ya LCD. Zile za DLP zenye gurudumu la rangi hutoa michirizi, na kuondoa rangi kwenye kamera hakuiondoi. Wenzetu wa 1940 walikuwa na tatizo hilohilo kwa sura nyingine: ilibidi mota ya projekta na ya kamera zifungwe pamoja, shata zifunguke kwa pamoja, la sivyo picha ya nyuma ilimetameta au ikawa giza.

Doa la mwanga katikati ndilo kosa la kwanza mtakaloliona. Lenzi ya projekta ikitazamana moja kwa moja na lenzi ya kamera, katikati ya karatasi kunang'aa na pembe zinafifia. Shusheni projekta chini ya mstari wa kamera na muinyanyue pua, kisha mrekebishe umbo la picha. Ikibaki, ongezeni karatasi ya pili juu ya ya kwanza. Kosa la pili ni taa zenu wenyewe. Mwanga wowote wa seti ukifika kwenye karatasi, weusi wa bahari unakuwa kijivu. Wamulikeni marubani kutoka pembeni na juu, taa ziwe na vizuizi vya kadibodi nyeusi, na kati ya mwigizaji na karatasi pawe na walau mita moja. Kabla ya kuirusha picha, punguzeni utofauti wake wa giza na mwanga, maana ikipigwa mara ya pili huzidi ukali yenyewe.

Maji ndiyo sehemu ya kuheshimu. Mwanga haupiti ndani ya pipa, kwa hiyo maji hayawezi kusubiri nyuma ya karatasi katikati ya njia ya projekta. Wekeni juu, kwenye jukwaa la mbao au vyuma vya ujenzi, lililo karibu mita 1.2 juu ya katikati ya kioo. Chukueni mapipa mawili makubwa ya plastiki, kila moja lita 100. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo jukwaa linabeba kilo 200 kabla hamjahesabu watu. Lisipobeba watu wazima watatu wakirukaruka, lisibebe maji. Msitumie bomba wala koki, kwani lita 200 kwa koki ni dakika nyingi na ninyi mnazihitaji ndani ya sekunde mbili. Mapipa yapinduliwe kwa mpini, yote kwa pamoja, kwenye mlizamu wa mabati unaoinama kuelekea karatasi.

Maji yanayodondoka mita 1.2 hufika yakiwa na kasi inayokaribia mita 5 kwa sekunde. Huo ni uzito unaopiga. Mlizamu uyaelekeze kifuani na kwenye usukani, kamwe si usoni. Waigizaji wasifungwe mikanda ya kweli, wakae kwenye viti wanavyoweza kuviinuka kwa hatua moja, na wajaribu kwanza kwa ndoo moja ya lita 10, kisha lita 50, kabla ya mzigo kamili.

Na umeme. Projekta iwe juu ya meza, nyuma ya kioo kingine cha kuikinga na maji, kilichosimamishwa kwenye fremu yake, kebo zake zipite juu, si sakafuni. Kila kitu kinachotumia umeme wa ukutani kipite kwenye swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Taa za upande wa waigizaji ziwe za betri. Atakayewaambia kwamba mfuko wa plastiki juu ya soketi unatosha, msimpe kazi siku hiyo.

Muda ndio unaoua shoti hii hata pale kila kitu kingine kikiwa sawa. Kuanzia mtu anapovuta mpini hadi maji yanapogusa karatasi hupita kama sekunde moja: nusu ya kupindua, nusu ya kudondoka. Akisubiri aione bahari imejaa kioo ndipo avute, maji yatafika wakati picha imeganda au imekwisha, na mtazamaji ataona karatasi tupu inayong'aa. Wekeni kwenye picha ya bahari doa jeupe kwenye kona, nje ya shimo la kioo ili kamera isilione, liwake sekunde moja kamili kabla ya mgongano. Mvuta mpini aangalie doa tu, asiangalie bahari. Na mwisho wa mkanda ongezeni sekunde tatu za weusi mtupu, ili karatasi ikichanika kusiwe na mwanga wa projekta unaomulika lenzi ya kamera kupitia tundu.

Kamera iendelee kurekodi hata baada ya maji kuisha. Kwenye uhariri, mkatie kwenye maji mengi zaidi, wakati lenzi imefunikwa, msingoje mikono ifute nyuso.

Kuhusu swali lako la mwisho: filamu hiyo ina mambo ya bei nafuu zaidi, ila siyo lile ambalo kila mtu hulitaja. Tukio la miavuli la Amsterdam, ambapo muuaji mwenye bastola iliyofichwa kando ya kamera anapiga risasi kwenye ngazi kisha anatoroka, ni zuri kwa sababu tunatazama kutoka juu na hatumwoni mtu. Tunaona miavuli ikisukumana, na mstari wa msukosuko ndio unaotuambia yuko wapi. Hilo linataka umati. Kwa watu sita litakuwa foleni ya daladala siku ya mvua. Kama mnalazimika, basi kumbukeni kwamba mvua huonekana ikimulikwa kutoka nyuma. Ikimulikwa kutoka mbele, hata mpira wa bustani ukiwa wazi kabisa, kwenye nyeusi na nyeupe hamtaona kitu.

Ningewashauri kinu cha upepo. Mwandishi Jones, anayeigizwa na Joel McCrea, amepotelewa na gari la wauaji katikati ya mashamba ya Uholanzi. Upepo unaichukua kofia yake. Anapoifuata anaona kinu kimoja kati ya vingi, mapanga yake yanazunguka kinyume na upepo. Ndiyo ishara kwa ndege iliyo angani, na ndani ndimo alimofichwa mzee Van Meer, anayejua kifungu cha 27 cha mkataba wa siri. Polisi wanapofika, kila kitu kimerudi kuwa cha kawaida. Hapo hakuna gharama. Kuna kitu kimoja ambacho mtu wa mahali pale angejua kuwa hakiendi sawa, na kofia iliyotufundisha upepo unatoka wapi kabla hatujakiona. Kwenu Tanga kinaweza kuwa ngalawa iliyotweka tanga usiku maji yakiwa yametoka, au taa ya karabai inayowaka kwenye nyumba ya mtu aliyesafiri. Lakini fanyeni kama Hitchcock: onyesheni kwanza upepo, au maji, au safari, kwa picha na si kwa maneno, ndipo mwoneshe kilichokaidi.

Hotuba ya mwisho redioni ni nafuu kuliko zote: mtu mmoja, kipaza sauti, ving'ora nje, taa zinazimika naye anaendelea kusema. Iliandikwa na Ben Hecht na kupigwa Julai 1940, baada ya kazi nyingine kwisha. Filamu ikatoka Agosti, na mashambulizi makubwa ya mabomu juu ya London yakaanza Septemba. Kwa maoni yangu imebandikwa mwishoni kama bango la uhamasishaji, na ilikusudiwa hivyo, maana Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Kwa ufundi, hata hivyo, jifunzeni jinsi giza linavyofanya kazi ya seti. Hamhitaji studio ya redio kama taa zitazimwa.

Mkiamua yote mawili, pigeni kinu chenu kwanza na ndege mwisho kabisa, siku ya mwisho, baada ya kila mwigizaji kumaliza maonyesho yake mengine. Nywele na mashati yaliyolowa hayarudi kama yalivyokuwa hata mkiyapiga pasi, na sakafu ya plaiwudi iliyonyonya lita 200 huvimba na kuanza kulia chini ya miguu, sauti ambayo maikrofoni haisamehe.